Maumivu Yaliyohamishiwa Mgongoni

Wifi yangu ni dobi, na mimi ni dobi, ila yeye ndiye mwenye mkono. Mimi niko kaunta: napokea nguo, nazibandika namba, nazozana na wateja wanaoapa kwamba shati lilikuja na vifungo vyote. Yeye yuko nyuma kwenye meza ya pasi, na shati likitoka kwake, mwenye shati anasita hata kuketi nalo. Ameolewa na kaka yangu mkubwa, kwa hiyo yeye kwangu ni wifi na mimi kwake ni wifi, na kwa kuwa kazi ya wifi tangu dunia iumbwe ni kusema, ngoja niseme.

Kwanza ieleweke kwamba huyu mwanamke anakimbia. Simaanishi anakimbia mvua. Anaamka jua halijatoka, anavaa viatu vyake, anakutana na wanawake wenzake kwenye kona ya kiwanda cha unga, na wote wanaondoka kwa mwendo mmoja mpaka kilima cha tangi la maji, kisha wanarudi kila mtu kwake kuamsha watoto. Yumo mwalimu wa hesabu, yumo askari, wamo wauza vitambaa. Alianza akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanaanza kulalamikia magoti. Watu walimcheka, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Kaka yangu alimwuliza, "Unamkimbia nani, mke wangu? Mimi si niko hapa?" Akamjibu huku anafunga kamba za viatu, "Ndiyo hivyo, uko hapa."

Siku moja nilimwuliza kwa dhati anapata nini huko. Alikuwa anapiga pasi kola, hakuinua macho. Akasema, "Wifi, nikiwa pale barabarani hakuna mtu anayenipa shati." Tangu siku hiyo sikumcheka tena. Mwanamke aliyenyoosha nguo za mji mzima, za harusi na za msiba, ana haki ya saa moja isiyo na makunyanzi ya mtu mwingine.

Kila mwaka mji wetu una mbio za kilima. Zinaanzia lango la uwanja wa mpira, zinakata mjini, zinapanda mpaka kwenye tangi, zinateremka na kurudi uwanjani. Yeye hakukosa hata mara moja tangu alipoanza. Hakuwahi kushinda na hakuwa na haja ya kushinda. Alichotaka ni kupanda kile kilima bila kutembea, na kila mwaka alikipanda, na wiki nzima baada ya hapo pasi yake ilikuwa inaimba.

Halafu nyonga ikaanza.

Ilianza kama utani. Akikaa kwa muda akainuka, anasimama kwanza kama mtu aliyesahau alichofuata. Mara hawezi kulalia upande wa kulia. Mara kuvaa sketi kwa kusimama na mguu mmoja imekuwa kazi ya kushika ukuta. Maumivu yalikuwa pembeni ya nyonga, kisha yakasogea nyuma, yakapiga kambi pale pale mtu anapokalia. Alipumzika wiki mbili, yakaondoka. Akakimbia, yakarudi na mizigo yao. Akapumzika tena, yakaondoka tena. Ikawa ndiyo maisha, na kila yaliporudi yalikaa zaidi.

Wenzake wa alfajiri kila mmoja alikuwa na dawa. Mmoja alisema maji ya moto, mwingine akasema barafu, mwalimu wa hesabu akasema vyote viwili kwa zamu. Duka likanuka dawa ya kuchua mpaka wateja wakadhani tumebadilisha sabuni. Hospitalini alipigwa picha, na daktari wa mifupa akaishika juu kwenye mwanga akasema mifupa ni mizima, umri ndio umeenda, atembee tu, asikimbie. Aliyasema haya kwa upole kabisa, na wifi yangu alimshukuru kwa upole kabisa, akatoka nje akapiga teke kopo la rangi kwa mguu mbaya. Basi akaumia mara mbili.

Sasa sikia kichekesho. Binti yake, yaani binti wa kaka yangu, ameolewa na mtaalamu wa viungo. Kazi ya huyu kijana kutwa ni kuwanyoosha watu: waliopooza, waliovunjika, wacheza mpira wenye magoti yaliyogoma. Ana kliniki yenye vitanda na mipira mikubwa, na watu wanatoka miji mingine kumfuata. Dawa iko ndani ya ukoo, halafu mgonjwa anapaka marhamu.

Tatizo ni adabu. Mkwe wetu ni mtu wa heshima hadi inachosha. Akimwona mama mkwe wake anakuja barabarani, anavuka upande wa pili ili ampishe. Na yeye wifi yangu, akimwona mkwe wake, anavuka ili ampishe. Kwa hiyo huwa wanakutana tena upande wa pili, wanasalimiana wakitazama lami. Watu hawa wawili wanapendana sana, nawaambia kweli, lakini hawajawahi kutazamana usoni zaidi ya muda wa kupokea kikombe cha chai.

Binti alimsihi sana mama yake. "Mama, mwambie mkweo. Ndiyo kazi yake." Mwishowe wifi akakubali, na Jumapili moja wakaja nyumbani kwa kaka yangu. Tukakaa sebuleni sote. Mkwe akaweka kikombe chini, akakohoa, akauliza, "Mama, nimesikia unasumbuliwa. Panauma wapi hasa?"

Kaka yangu aliangalia dari kana kwamba kuna habari imeandikwa pale. Binti akamtazama mama yake kwa matumaini. Wifi yangu akalinyoosha gauni lake magotini, akasema, "Mgongo."

Chai ilinipalia mpaka wakanigonga mgongoni.

Nilimfuata jikoni. "Wifi, tangu lini mgongo wako umehamia huko chini?"

"Ulitaka niseme nini? Nimwambie mkwe wangu naumwa tako?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sifichi. Nimeyahamisha tu, tena si mbali."

Nikamwambia basi niachie mimi nimwambie. Mimi kwa binti ni shangazi, na shangazi hana mlango uliofungwa. Mambo makubwa kuliko tako nimeyasema mbele ya watu na paa halikuanguka. Akanigeukia na mwiko mkononi. "Ukimwambia, mimi na wewe salamu basi." Namjua. Nikafunga mdomo, na kwa mtu kama mimi hiyo si kazi ndogo.

Basi Mkwe akautibu mgongo. Alimletea mazoezi: alale chali, avute goti mpaka kifuani, alielekeze kwenye bega la upande wa pili, ashikilie hapo. Ainame aguse vidole vya miguu. Wifi yangu akipewa kazi haibi hata chembe. Kila mchana tukifunga mlango kwa chakula, alitandaza boksi sakafuni nyuma ya kaunta akajivuta na kujikunja, na kila alipoinuka uso ulikuwa umekunjamana kuliko nguo alizokuwa anasubiri kuzipiga pasi. Hali ikazidi kuwa mbaya. Baadaye tuliambiwa kwamba kule kujivuta ndiko kulikuwa kunachokonoa pale pale panapouma. Wakati huo tulijua tu kwamba ana bidii na bidii haisaidii.

Mkwe akiuliza, jibu ni lile lile. "Naendelea vizuri, mwanangu." Anasema hivyo huku anateremka ngazi kwa upande, mkono ukutani. Na yule kijana anamtazama anavyoshuka, anafungua mdomo, anaufunga, anasema, "Alhamdulillah, Mama. Tuongeze zoezi moja." Mimi nimesimama kati yao nimebeba siri kama kaa la moto.

Mwaka ule mbio za kilima zilimpita. Alikubali kusimama pembeni ya barabara agawe maji, nami nilisimama naye. Waliposogea wale wanawake wake wa alfajiri, walipiga kelele za kumwita, na mwalimu wa hesabu akapokea kikombe mkononi mwake akambusu shavuni bila kusimama. Wifi alicheka vizuri kabisa. Walipokata kona, alibaki ameshika kikombe kingine hewani kwa mtu ambaye hayupo.

Ilikuwa sikukuu, duka limefungwa, lakini alinivuta tukafungue. Alipiga pasi mashati ambayo hayakuwa na haraka yoyote. Kisha akaenda kwenye pembe, akavichukua viatu vyake vya mbio, akaviweka juu ya kaunta yangu kama mteja.

"Tafuta mtu umpe. Mguu wangu si mkubwa, vitamfaa mtu."

"Wifi."

"Nimechoka kungoja, wifi. Kungoja kunachosha kuliko kile kilima."

Akalia. Katika miaka yote ya kufanya naye kazi nilikuwa sijamwona akilia dukani. Aliwahi kuungua na pasi akatukana tu. Nilimshika nikalia na mimi, na nikasema neno nililolibana kwa miezi. Nikamwambia aibu yake imemla mguu mmoja na sasa inaanza wa pili. Ama amwambie mkwe wake, ama mimi nitakwenda kliniki kusimama katikati ya wagonjwa na kulitaja hilo neno kwa sauti, na salamu zake akazitie wanga. Aliondoka bila kuaga, na nilidhani nimempoteza wifi kwa ajili ya tako.

Kesho yake Mkwe alikuja kuchukua makoti yake meupe ya kazini.

Siku hiyo tulikuwa tumefua mashuka ya nyumba ya wageni, na uani kwetu mashuka yakianikwa unakuwa kama umeingia kwenye nyumba yenye vyumba vyeupe vinavyotikisika. Wifi alikuwa huko ndani anaangalia yaliyokauka. Mkwe, kwa adabu yake, hawezi kuchukua makoti bila kumsalimu mama mkwe. Akapita mpaka uani, akasimama mbele ya shuka la kwanza. Nyuma ya shuka ilionekana miguu ya wifi yangu tu, na ndala zake. Mimi nilikuwa mlangoni na vibanio vinne mdomoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mgongo unaendeleaje?"

Ndala moja ikakanyaga nyingine.

"Mwanangu," akasema wifi.

"Naam, Mama."

"Usisogee. Baki hapo hapo ulipo."

"Sibanduki, Mama."

"Si mgongo. Haikuwa mgongo hata siku moja. Ni nyonga. Na... nyuma yake. Pale pa kukalia. Upande wa kulia."

Shuka likajaa upepo, likanywea. Yule kijana alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Najua, Mama," akasema.

"Unajua?"

"Tangu ile Jumapili. Ulivyoinuka kwenye kochi, nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Mama? Nimwambie mama mkwe wangu, hapana, nadhani ni tako?"

Vibanio vyote vinne vilinitoka mdomoni. Nyuma ya shuka nikasikia sauti kama birika linaloanza kuchemka, na wifi yangu akapasuka. Alicheka mpaka akalishika shuka ajizuie, kamba ikalegea, mashuka yote yakainama upande mmoja. Na Mkwe naye, mtu ambaye nyumbani kwetu hucheka kwa kutikisa mabega tu, alikuwa anajifuta machozi kwa koti jeupe nililolinyoosha mimi mwenyewe.

Mimi nilicheka, lakini nilikasirika vilevile, na hasira hiyo bado ninayo kidogo. Watu wazima wawili, mmoja anaumwa na anajua anapoumwa, mwingine anatibu na anajua anatibu sipo, na kila Jumapili wanaulizana habari za mgongo! Adabu ni nzuri, sikatai, nimelelewa nayo. Ila adabu haijawahi kumnyoosha mtu nyonga.

Shuka halikuondolewa. Uchunguzi wa kwanza ulifanyika hapo hapo, yeye huku, yeye kule. Unaweza kulalia upande huo? Siwezi. Kushuka ngazi? Kwa upande, kama kaa. Ukisimama kwa mguu wa kulia peke yake? Hapo ndipo ninapomwita marehemu mama yangu. Akamwuliza na anavyokaa, anavyolala, anavyosimama kazini. Mwisho akasema, "Yale mazoezi ya kujivuta, Mama, acha leo." Wifi akasema, "Nilikuwa nakusubiri useme hivyo."

Kliniki alipokelewa na mwenzake Mkwe, mwanamke mwenye mikono mikubwa. Mkwe alikaa nyuma ya pazia. Mimi nilikuwepo, sikukubali kuachwa. Huyu mama akabonyeza, Mkwe akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Hapo?" na wifi yangu akapiga yowe, "Hapo hapo! Mwambie atoe kidole!" Ndipo tukaelezwa. Misuli ya kalio ilikuwa imedhoofika, na kano zake, pale zinapojishika kwenye mfupa wa nyonga, zilikuwa zimechoka na kukasirika. Hazikukatika. Umri haukuwa umeenda popote. Zilihitaji kufundishwa kazi upya, polepole.

"Nitakimbia?" Wifi aliuliza hilo tu.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Siwezi kukuahidi, Mama. Lakini mimi ningejaribu."

Mkwe akaja dukani kumwona wifi akifanya kazi, na alichokiona mimi nilikiona kwa miaka yote nisijue ninaona nini. Dobi akisimama mezani hutupa uzito wote mguu mmoja, nyonga inatoka nje, mguu mwingine unapumzika. Kwetu mjini mtu akisimama hivyo kwenye foleni anaulizwa anapiga pasi ya nani. Wifi yangu alikuwa ananing'inia kwenye nyonga yake kutwa nzima, kisha alfajiri anaipandisha kilima. Tukainyanyua meza kwa matofali. Tukaweka kigoda kidogo chini, mguu huu ukipanda, kisha ule. Nami nikapewa kazi niliyozaliwa kwa ajili yake: kila nikimwona ameegemea, nipige kelele. "Miguu miwili, wifi!" Wateja wakazoea. Kuna mzee mmoja mpaka leo akiingia anapiga kelele hizo yeye kwanza, hata kabla ya salamu.

Nyumbani alilala na mto katikati ya magoti. Kaka yangu alilalamika kwa kila mtu. "Nimeoa mke, naishi na mto." Mchana, boksi lile lile nyuma ya kaunta, lakini sasa analala chali na kuinua kiuno, anashusha, anainua. Siku moja nilisahau kufunga mlango, mchungaji akaingia na suti yake, akachungulia ng'ambo ya kaunta. Alikuta magoti mawili na kiuno kinapanda na kushuka. Nikamwambia, "Karibu, dobi yupo, anainuka sasa hivi." Aliacha suti akaondoka bila namba.

Mbio zilianza upya kama za mtoto. Anakimbia kidogo, anatembea, anakimbia kidogo, mahali tambarare tu. Mkwe alimpa sheria moja: mwamuzi si maumivu ya barabarani, mwamuzi ni asubuhi ya kesho. Asubuhi ikiwa nzuri, songa. Asubuhi ikiwa mbaya, punguza. Wala usiache kabisa, kwa sababu nyonga ukiinyima kazi nayo inasahau.

Sheria aliivunja mara moja. Mvua ilikuwa imenyesha, hewa imepoa, mwili ukamdanganya, akawafuata wenzake mpaka kwenye tangi. Alirudi anang'aa. Asubuhi ya pili kaka yangu ndiye aliyemvalisha sketi. Nilimfokea mpaka nikakosa maneno, nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye guu tayari analo. Alikuwa amekaa kwenye gunia la nguo chafu, na niliona amekata tamaa kweli, tena kuliko siku ya viatu. Mkwe alipokuja hakufoka. Alichuchumaa mbele yake, na bila shuka, bila pazia, akamtazama usoni. "Mama, haijakatika. Imelalamika tu. Tunarudi nyuma kidogo, halafu tunaendelea." Naye akamtazama. Akasema, "Sawa, mwanangu." Nilitoka nje nikajifanya nahesabu hanga.

Wakaendelea. Mwaka ukazunguka, na siku ya mbio za kilima ikafika.

Wifi alikuwa mwembamba kidogo usoni na mnene zaidi mahali panapohusika, na hili nililisema mbele ya wote, akanipiga na taulo. Alisimama nyuma kabisa ya kundi, kama alivyoagizwa. Sisi, yaani mimi, binti na Mkwe, tulikwenda kusimama juu ya kilima, kwenye kona ya mwisho chini ya tangi, pale penye mwinuko mkali kuliko wote. Watu walijaa pande zote mbili. Wagonjwa wa Mkwe walikuwepo, na mkubwa wake wa kazi, na yule mchungaji wa suti.

Wakapita wenye mbio zao. Wakapita vijana. Akapita askari, akapita mwalimu wa hesabu akihema kama anakokotoa. Kisha nikamwona. Alikuwa anakimbia, hatembei! Nilipiga kelele mpaka binti akaniziba mdomo. Lakini Mkwe hakupiga kelele. Alikuwa ameinama mbele, anamtazama kiunoni, na uso wake umebadilika.

"Amechoka," akasema. "Nyonga inashuka. Kila akikanyaga, inashuka. Akiendelea hivyo atajiumiza."

"Mwambie basi!"

"Shangazi, watu wote hawa..."

"Mwanangu, miezi mizima ulitibu mgongo!"

Mkwe alitazama watu, akatazama mkubwa wake wa kazi, akamtazama mama mkwe wake anayepanda na uso uliokwisha. Kisha yule kijana asiyeweza kula mbele yetu mpaka ashibe akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti niliyokuwa sijui kama anayo.

"Mama! Kaza tako!"

Kilima kizima kiligeuka.

"La kulia, Mama! Kaza tako la kulia!"

Mchungaji alivua miwani. Binti alijificha nyuma ya mgongo wangu. Na wifi yangu, aliyekuwa ametazama lami, akainua kichwa. Alimwona. Nikaogopa atasimama kwa aibu, aingie mtaroni, asitoke tena. Akainua mkono mmoja juu kama mwanafunzi anayejua jibu, na nikaona kwa macho yangu mawili kiuno kikinyooka, nyonga ikikaa mahali pake, hatua zikiwa sawa kushoto na kulia. Wanawake waliokuwa pembeni walicheka, halafu mmoja akapokea, mwingine akapokea, na kona nzima ikawa inaimba kwa makofi, "Kaza! Tako! Mama!" Wakimbiaji wengine waliokuwa wanapita nao wakajikaza, maana hakuna aliyejua kwa hakika anaambiwa nani. Alitupita hatua mbili kutoka tulipo. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akazunguka tangi bila kutembea, akateremka, akapotea.

Tulipofika uwanjani alikuwa ameshaingia. Alikuwa katikati ya orodha, na nyuma yake walikuwepo vijana ambao mama zao ningewataja kama si heshima. Akamwona Mkwe wake, na mara moja wote wawili wakatazama nyasi.

"Ahsante, mwanangu."

"Hongera, Mama."

Lakini alikataa kupongezwa. Kaka yangu alitaka kumbeba, akamzuia. Wenzake walitaka wakale pamoja, akasema mpaka kesho. Mwamuzi bado hajapiga filimbi. Mkwe naye hakusema lolote zaidi, akaondoka na mkewe, na niliona kwa jinsi anavyotembea kwamba hatalala.

Mimi nililala vibaya. Asubuhi niliwahi kwao kabla ya kufungua duka. Mlangoni nikamkuta Mkwe, amesimama na ufunguo wa gari mkononi, hajabisha hodi, sijui tangu saa ngapi. Tukaingia pamoja. Wifi yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti cha sebuleni, na alipotuona akajaribu kuinuka, akaguna, akarudi chini. Mkwe akapiga goti pale pale sakafuni.

"Panauma wapi, Mama? Sema. Usinifiche."

"Mapaja," akasema. "Na matako."

"La kulia?"

Akajishika pande zote mbili kwa viganja vyake vya dobi, akajibonyeza kwa makini, huku, na kule, na uso wake ukafunguka.

"Yote mawili, mwanangu! Yote mawili yananiuma sawasawa!"